Karatasi za Saa Nane Mchana

Taya la Hezron lilikuwa limefungwa bandeji kuanzia kidevuni hadi utosini, kwa hiyo Inspekta Suad alimhoji kwa vidole. Kidole kimoja, ndiyo. Viwili, hapana. Mkono wa pili ulikuwa na pingu, na pingu ilikuwa imefungwa kwenye chuma cha kitanda cha hospitali.

Wenzake ndio waliomvunja. Jumatano alasiri, mwili wa Ambindwile, mwendesha mashine, ulipochomolewa kwenye roli za mashine ya kukatia majani ya chai, mtu mmoja alisema Hezron alionekana karibu na kabati la umeme, na watu thelathini hawakuhitaji sentensi ya pili. Walimpiga kwa mipini ya majembe mpaka mvua ilipowachosha.

Kesi ilionekana kujiandika yenyewe. Hezron alikuwa fundi umeme wa kiwanda kile, juu kidogo ya Masukulu, kwa miaka kumi na tisa. Serikali ilipokiuza, mwekezaji alileta kompyuta ya kuendesha mashine, kisha akampunguza kazi. Siku ya tukio alikuwa amerudi kuchukua spana zake. Sababu ya kuua ilikuwepo, nafasi ilikuwepo, na shahidi alikuwepo: Fahadi, mtaalamu wa kompyuta, alieleza kwa maandishi kwamba alimwona Hezron kabatini na kusikia kitufe cha kuwashia kikibonyezwa. Jumatatu Hezron angesomewa shtaka la mauaji, na adhabu ya mauaji ni kamba. Leo ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Shikamoo, mzee Hezron. Ulibonyeza kitufe?"

Vidole viwili.

"Uligusa kabati?"

Kidole kimoja.

Konstebo Nsajigwa, aliyesimama mlangoni na daftari, alikohoa kama mtu aliyemaliza kazi yake. Suad hakumtazama. Alimpachika mgonjwa penseli vidoleni, akaweka karatasi chini ya mkono wake, akamwagiza achore kabati lile, waya kwa waya. Ilichukua robo saa. Mate yenye damu yalipomchuruzika Hezron, Suad hakumfuta. Aliisogeza karatasi isilowe.

Mwisho wa waya wa kitufe, Hezron alichora msalaba. Chini yake akaandika kwa herufi za kutetemeka: Nilikata mimi. Juni.

"Mtuhumiwa amechora picha ya kujiokoa, afande," Nsajigwa alisema wakiwa kwenye gari.

"Amechora. Twende tukaone kama ana mkono mzuri."

Mvua ilikuwa inanyesha kiwandani kama inavyonyesha upande ule wa Rungwe, bila haraka na bila nia ya kuacha. Meneja, Bwana Asajile, aliwapokea kwa mwavuli na malalamiko. Majani ya wakulima wa Suma yalikuwa yanaoza magunia kwa magunia, mwekezaji alikuwa amepiga simu mara mbili, na kwa maoni yake mtu aliyekamatwa alikuwa ametosha. Suad alimwomba bisibisi.

Nyuma ya kabati aliziona waya mbili za kitufe zikining'inia hewani, ncha zake zimezungushiwa utepe mweusi. Juu ya utepe kulikuwa na vumbi la chai lililoganda. Vumbi la namna ile halipatikani kwa siku tatu. Aliamuru umeme wote uwashwe, watu wote wasogee mbali, kisha akabonyeza kitufe mara tatu. Roli hazikutikisika.

Nsajigwa alifuta kitu kwenye daftari lake. "Basi inawashwa na nini?"

"Na kompyuta. Kitu kingine hakipo."

Fahadi alikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya dirisha dogo linalotazama mashine. Alikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada ya Dar es Salaam, na shati lililopigwa pasi hata siku ya mvua. Alisimama kwa adabu.

"Nifundishe," Suad alimwambia. "Kama unavyomfundisha mjinga."

"Siwezi kukuita hivyo, afande."

"Usiniite. Nifundishe."

Alifundisha vizuri, na alipenda kufundisha. Zamani, alisema, marehemu alipotaka kusafisha roli aling'oa fyuzi kubwa na kuitia mfukoni mwake mpaka amalize. Lakini fyuzi ile ilizima na kompyuta pia, na hesabu za majani zilipotea. Fahadi ndiye aliyelalamika, meneja akampa haki. Tangu Juni mtindo ukawa kuondoa draiva. Draiva ni programu ndogo inayojua lugha ya mashine. Huishi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo. Ikitoka, kompyuta haina mdomo wa kuiamuru mashine. Marehemu alikuwa anapunga mkono dirishani, Fahadi anaondoa draiva, anampigia kelele kwamba tayari.

"Na draiva yenyewe inaishije humo?"

Inaomba vitu vitatu, Fahadi alieleza. Kwanza njia ya kuifikia mashine. Pili kipande cha kumbukumbu, kama kisanduku, cha kuwekea amri: sifuri maana yake simama, namba nyingine yoyote maana yake zunguka. Tatu, saa. Kila nusu sekunde saa ile inachungulia kisanduku na kuipelekea mashine namba iliyomo. Siku draiva inapoondoka lazima irudishe vyote, na kwa mpangilio wa kinyume. Kilichochukuliwa mwisho kinarudishwa kwanza. Izime saa, usubiri mpaka iwe imesimama kweli. Iambie mashine isimame. Ndipo urudishe kisanduku, ndipo urudishe njia.

"Ukikosea mpangilio?"

Fahadi alitabasamu kidogo. "Chukulia umerudisha chumba kwa mwenye nyumba, lakini ndugu yako bado yumo, na kazi yake ni kutii kila barua inayopita chini ya mlango. Mwenye nyumba anampangisha mtu mwingine. Barua zinazoingia sasa ni za yule mtu. Ndugu yako hajui. Anatii tu."

"Na hicho kiini hakimtoi?"

"Kiini hakiiulizi draiva, afande. Imeshaaminiwa."

Suad alimtaka aiondoe draiva mbele yake. Fahadi aliandika amri moja. Printa iliyokuwa pembeni ikaanza kupiga kelele, ikitoa karatasi ndefu yenye matundu kingoni, na kila hatua ikajiandika na wakati wake: saa imezimwa, mashine imesimama, kumbukumbu imerudishwa, njia imerudishwa. Mstari baada ya mstari, kama alivyosema.

"Na Jumatano ilikuwa hivi hivi?"

"Hivi hivi."

"Printa iliandika?"

"Huandika kila kitu. Mwekezaji anataka."

"Nipe karatasi za Jumatano."

Fahadi alijibu bila kusita. "Tulishachoma. Kila wiki tunachoma. Na kwenye diski rekodi zinafutika zenyewe Ijumaa."

Suad alishukuru, akachana ile karatasi mpya, akaikunja mara mbili na kutoka. Hakuuliza wanachomea wapi. Swali hilo alimpelekea mtu mwingine.

Lulu, karani wa mizani, alikuwa ameketi bandani mwisho wa uwanja mbele ya skrini na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta ile ile ya Fahadi, akiwa amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi. Alicheka alipoulizwa.

"Kuchoma karatasi? Hapa Tukuyu? Dada, nani ana kichaa hicho?"

Alieleza kwamba karatasi zile zina upande mzima mweupe, na kila Ijumaa Fahadi humpelekea mama yake, Mwanahalima, mwenye duka nyuma ya soko. Mama huzikata vipande vinne na kufungia dagaa, sukari, misumari. Wiki hii Fahadi hakungoja Ijumaa. Jumatano jioni aliondoka na mfuko umevimba. Suad akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini Jumatano, saa nane mchana. Alikuwa anaingiza kilo za majani ya Suma. Wengine wote walikuwa kwenye ukumbi wa chakula, na mvua juu ya mabati ilikuwa kubwa hata mtu asingesikia ng'ombe akichinjwa. Lulu alilisema hilo kisha akafunga mdomo kwa kiganja.

Kutoka pale walipita getini. Suad alisoma daftari la mlinzi akiwa amesimama, akaandika wakati mmoja kwenye kiganja chake. Kisha akamwagiza Nsajigwa amshushe Tukuyu, arudi kumchukua Fahadi saa saba, amwambie mama yake anamwita.

"Ni uongo, afande."

"Saa saba hautakuwa uongo."

Mwanahalima alimjua Suad tangu alipokuwa anavaa sare za shule ya msingi. Babu zao walipanda milima ile pamoja, vitambaa vya kuuza kichwani, na yeye na mama wa Suad walisoma madrasa moja. Aliitikia shikamoo yake, akamvuta stuli, akamuulizia mama yake, akamuulizia mguu wa mama yake. Akamshukuru kwa kumshika yule fundi. Mwanawe hakuwa amelala tangu Jumatano. Kula, hali. Damu ya mwenzake bado ilikuwa machoni mwake.

Nyuma yake, kwenye msumari, yalining'inia mafungu ya karatasi zilizokatwa vizuri kwa kisu.

"Mama, Fahadi alikuletea karatasi Jumatano?"

"Aliniletea. Halafu akaniambia nizichome." Mwanahalima alipiga ulimi kwenye meno. "Mimi? Karatasi safi namna ile? Nilimwitikia tu, alipoingia kuoga nikazikata."

"Nazitaka."

Mwanamke yule alisimamisha mikono. Hakuwa mpumbavu.

"Zitamsaidia mwanangu?"

"Zitaonyesha alichofanya."

Mwanahalima akalichukua jibu hilo upande alioutaka. Aliliteremsha fungu zima kwenye meza. Aligundua vipande vitatu vya juu vilishatoka na dagaa asubuhi ile, akajifunga ushungi na kwenda mwenyewe kwa majirani, nyumba kwa nyumba mvuani, akawasihi wamrudishie. Alirudi navyo vyote vitatu. Kimoja alikitoa kwenye pipa la taka akakipangusa kwa kanga yake. Suad alivipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema asante mama.

Walivipanga pamoja juu ya meza, kama wanawake wanaopanga vipande vya kitambaa kabla ya kushona. Mwanahalima alikuwa na jicho zuri; mara mbili ndiye aliyeona kingo zipi zinakutana.

Fahadi aliingia saa saba na robo, Nsajigwa nyuma yake. Aliiona meza. Alimtazama mama yake, si Suad.

"Nilikuambia uchome."

"Zimefaa," mama yake alisema kwa furaha. "Muulize mwenzio. Zimefaa."

Suad aliweka karatasi ya asubuhi kushoto, ya Jumatano kulia. Akamwambia asome ya kulia kwa sauti, mama asikie. Fahadi alisema hawezi. Suad akasoma mwenyewe, pole pole, kama anayesomea darasa.

"Saa nane na dakika saba, sekunde ya tisa. Kumbukumbu imerudishwa. Sekunde ya kumi na nne, saa imezimwa. Leo saa imezimwa kwanza. Jumatano kisanduku kilirudishwa kwanza, na saa iliendelea kuchungulia kisanduku cha watu kwa sekunde tano. Kwa nini tano?"

"Printa," Fahadi alinong'ona. "Niliweka kusubiri hapo katikati, printa imalize kuandika. Mstari wa saa ulitakiwa kuwa juu. Niliuhamisha wiki iliyopita nilipokuwa nasafisha programu, nikasahau kuurudisha."

"Na sekunde ya kumi na moja, mizani. Suma. Kilo arobaini na moja."

Fahadi alifunga macho.

"Kiini kilimpa Lulu kisanduku chako," Suad alisema. "Akaweka humo majani ya mkulima. Arobaini na moja si sifuri. Roli zilizunguka kwa sababu ya gunia la chai. Ambindwile alikuwa ameshaingiza mikono?"

"Nilishamwambia tayari."

"Amri ilikuwa imemaliza?"

"Nilibonyeza, nikamwambia tayari. Siku zote nasema nikibonyeza."

Akaanza kulia, na alilia kama mtu anayetua mzigo. Maneno yalimtoka yenyewe. Alikuwa amepanga kusema, aliogopa mwekezaji, aliogopa stashahada yake kuchanwa, Hezron alipita tu mlangoni wakati ule ule na watu wakamrukia kabla yeye hajafungua mdomo. Lilikuwa kosa la mstari mmoja. Mama yake alizunguka meza akamshika mabega, akamgeukia Suad huku macho yake yakiwaka.

"Umesikia. Bahati mbaya. Andika hivyo, Suad mwanangu. Kijana amekosea kazi. Nani hajakosea kazi? Andika bahati mbaya."

"Nimeandika, mama. Hizo ni sekunde tano."

Akachukua kipande kilichotoka kwenye pipa, kilichokuwa bado na magamba ya dagaa, akakiweka mwisho wa mstari, mahali palipokuwa na pengo.

"Sekunde ya kumi na tano, mashine imesimama. Zilizunguka sekunde chache tu. Daktari amenieleza zilimkata kiganja na kumshika mkono wa kulia mpaka juu ya kiwiko, hazikumfikia kifua. Alikufa kwa kutokwa na damu. Mkanda wa suruali ungetosha kuufunga mkono. Sasa tusome mstari unaofuata. Saa nane na dakika kumi na sita. Draiva mpya imepakiwa."

Mwanahalima aliendelea kuyashika mabega ya mwanawe, lakini vidole vyake vilikuwa vimeacha kukaza.

"Sielewi," alisema.

"Aliirekebisha, mama. Aliurudisha ule mstari mahali pake, akaipakia programu upya, ili atakayekuja kukagua aikute nzuri. Kazi ya dakika tisa. Dakika tatu nyingine alichana karatasi na kuzitia mfukoni. Mlinzi ameandika Fahadi alifika getini kuomba gari saa nane na dakika kumi na tisa. Kutoka kwenye kiti chake mpaka ile mashine nimehesabu hatua kumi na nne." Akamgeukia kijana. "Alikuwa hai?"

Fahadi alikuwa anatazama meza.

"Nimekuuliza."

"Alikuwa anaita."

"Anaita nini?"

"Mimi. Jina langu."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nilikuwa natafuta mstari." Alipangusa pua kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi. "Nilipomaliza alikuwa ameshanyamaza."

Nsajigwa, ambaye alikuwa ameandika kila neno, aliacha kuandika. Suad akamtazama mpaka akaendelea. Kisha akamwamuru atume ujumbe kituoni, Hezron afunguliwe pingu sasa hivi, si Jumatatu, na wamtafutie mtu wa kumlisha, maana kwa taya lile hatakula mwenyewe mpaka mwezi uishe. Akatoa pingu zake mwenyewe. Fahadi alinyoosha mikono bila kuambiwa, akamgeukia mama yake.

Mwanahalima alikuwa ameshamwachia mabega. Alirudi upande wake wa meza, akaanza kuzikusanya karatasi, akakumbuka si zake tena, akaziacha.

"Yule marehemu ana mama?" alimuuliza Suad.

"Anaye. Yuko Kisiba."

"Anajua hizo dakika?"

"Bado."

Mwanamke yule alivua ushungi uliolowa, akatafuta mwingine mkavu chini ya meza, akajifunga taratibu mpaka ukakaa sawa.

"Nitakwenda mimi kumwambia. Asije akasikia kwa watu." Akamtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu kipande kile kiwekwe mezani. "Na wewe, huko wanakokupeleka, usiniite."

Fahadi alifungua mdomo. Suad akamsukuma nje kabla neno halijatoka.